Uvira na gesi ya radoni: Nani apime nyumba, na kwa cheti cha nani?

Mkazi wa Uvira akitilia shaka maji ya bomba anajua pa kuuliza. Kuna Regideso, kuna ofisi ya eneo la afya, na kuna watafiti wa Kituo cha Utafiti wa Hydrobiolojia, CRH, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakipima maji ya Ziwa Tanganyika na ya mito inayomwaga humo. Lakini akitaka kujua kama chumba wanacholala watoto wake kina gesi ya radoni, hana mlango wa kubisha hodi. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina sheria ya kuwalinda raia dhidi ya mionzi na ina taasisi za kuisimamia. Kisichokuwepo ni utaratibu wa kumpa fundi leseni ya kuingia katika nyumba ya mtu wa kawaida, kupima hewa yake, kisha kumwambia la kufanya.

Swali hili limeanza kuulizwa kwa sababu ambayo haikutokea Uvira kwenyewe. Maelfu ya watu wa Uvira, Fizi na bonde la Ruzizi waliopewa makazi Marekani na Kanada wamejikuta katika nchi ambako radoni ni jambo la kila siku. Mwenye nyumba huiulizia anaponunua, mpangaji huiulizia anapohamia. Anayeishi huko akipiga simu nyumbani, swali linalofuata ni la kawaida kabisa: na sisi huku je?

Gesi isiyo na harufu

Radoni haina rangi, harufu wala ladha. Hutokana na madini ya urani, ambayo yamo kwa kiasi kidogo karibu katika kila mwamba na kila udongo duniani. Urani inapooza taratibu huzaa radiamu, na radiamu huzaa radoni. Kwa kuwa ni gesi, hupenya katika nyufa za mwamba, hupanda juu na kutoka nje ya ardhi. Kwenye uwanja wazi upepo huitawanya na haina madhara makubwa. Shida huanza inapoingia ndani ya nyumba kupitia nyufa za sakafu, kandokando ya mabomba au katika maungo ya ukuta na msingi, kisha ikakosa njia ya kutokea.

Nusu ya radoni huoza ndani ya siku 3.8, na katika kuoza huacha chembe nyingine zenye mionzi zinazonata kwenye vumbi. Mtu akivuta hewa hiyo, chembe hubaki katika mapafu na kuyapiga kwa mionzi kutoka ndani. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka radoni katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa vya saratani mwaka 1988. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba kati ya asilimia 3 na 14 ya saratani zote za mapafu husababishwa nayo, kutegemea nchi na wastani wa gesi hiyo katika nyumba zake. Kwa mvutaji sigara hatari ni kubwa zaidi: WHO inasema kwake ni takriban mara 25 ya ile ya mtu asiyevuta.

Kipimo chake ni bekereli kwa kila mita moja ya ujazo wa hewa. WHO ilipendekeza mwaka 2009 kwamba nchi zijiwekee kiwango cha 100, na pale isipowezekana kisizidi 300. Marekani huhimiza nyumba ifanyiwe marekebisho inapofika takriban 148. Kanada hutumia 200.

Si mazuku

Katika Kivu, neno "gesi ya ardhini" huwapeleka watu moja kwa moja kwenye mazuku, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Mazuku ya Goma na Sake ni kaboni dioksidi inayotoka ardhini katika eneo la volkano na kutulia mabondeni kwa sababu ni nzito kuliko hewa. Mtu au mbuzi akiingia humo huweza kufa kwa dakika chache. Kituo cha kuchunguza volkano cha Goma, OVG, kimezoea kazi hiyo, na baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021 wakazi wengi walijifunza kuogopa hewa ya mabondeni.

Radoni hufanya kazi kwa namna nyingine. Haimwangushi mtu, haimpi kizunguzungu wala haimfanyi akohoe leo. Madhara yake hujengeka kwa miaka mingi, na mgonjwa anapofika hospitalini hakuna daktari awezaye kumtazama na kusema kwa uhakika kwamba ni radoni iliyomfikisha hapo. Hatari yake huonekana katika hesabu za watu wengi kwa pamoja. Kifaa cha kupima mazuku hakiioni radoni, na kifaa cha kupima radoni hakiyaoni mazuku. Kwa hiyo fundi anayedai kwamba mashine yake moja "inapima gesi zote" ameshajieleza.

Ardhi ya Uvira inasema nini

Mji wa Uvira umebanwa kati ya ziwa na milima ya Mitumba. Sehemu za chini, kuanzia Kavimvira hadi Mulongwe na Kalundu, zimejengwa juu ya mchanga na mawe yaliyoletwa na mito. Juu yake ni mwamba wa kale sana. Eneo zima limo ndani ya Bonde la Ufa, ambako ganda la dunia limepasuka na bado linasogea. Tetemeko la tarehe 5 Desemba 2005 chini ya Ziwa Tanganyika na lile la Bukavu la tarehe 3 Februari 2008 ni ukumbusho wa karibuni. Chemchemi za maji moto nazo zinajulikana katika mwambao wa Kongo wa ziwa hili.

Wataalamu wa radoni popote duniani wakiona mwamba wa kale, nyufa za tetemeko na maji moto yanayopanda kutoka chini, hujua kwamba hapo panafaa kupimwa, kwa sababu nyufa ni barabara ya gesi. Lakini kufaa kupimwa hakumaanishi kwamba hatari imethibitishwa. Nyumba mbili zilizo katika avenyu moja zinaweza kupishana mara kadhaa, kwa kuwa sakafu ya moja ina ufa na ya pili haina. Ndiyo maana hakuna ramani, hata iwe nzuri namna gani, inayoweza kuchukua nafasi ya kipimo kilichowekwa ndani ya nyumba yenyewe.

Yapo pia mambo yanayoipunguzia Uvira hatari. Nyumba nyingi hazina chumba cha chini ya ardhi, mahali ambapo radoni hujikusanya kwa wingi katika nchi za baridi. Hali ya hewa ni ya joto, na mchana milango na madirisha huwa wazi. Kuta nyingi zina matundu ya hewa karibu na dari. Zaidi ya hayo, hakuna baridi kali ya kuwafanya watu wajifungie kwa miezi mitano.

Usiku mambo hubadilika. Kwa hofu ya wezi na ya watu wenye silaha, na kwa sababu ya mbu, familia nyingi hufunga kila kitu magharibi ikiingia na hazifungui mpaka alfajiri. Watu sita au saba hulala katika chumba kimoja chenye sakafu ya udongo au ya sementi iliyopasuka. Saa hizo za usiku ndizo ambazo kipimo cha Uvira kingepaswa kuzitazama kwanza.

Sheria ipo, fundi hayupo

Kongo si mgeni katika mambo ya nyuklia. Urani ya Shinkolobwe, katika Katanga, ilitumika kutengeneza mabomu ya atomiki ya Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1959 Kinshasa ilipata kinu cha utafiti, cha kwanza barani Afrika. Nchi ni mwanachama wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, na sheria namba 017/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002 inahusu moja kwa moja ulinzi dhidi ya hatari za mionzi. Ipo tume ya nguvu za atomiki, CGEA, na ipo kamati ya kitaifa ya kulinda watu dhidi ya mionzi, CNPRI.

Taasisi hizo ziko Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Uvira kwa mstari ulionyooka. Kazi zinazozikabili pia ni za aina nyingine: mashine za eksirei hospitalini, vyanzo vya mionzi viwandani, na madini yenye urani yanayosafirishwa kutoka kusini. Mwenye parsele katika kartie ya Kasenga hayumo katika picha hiyo.

Vita vimeurefusha zaidi umbali huo. Goma ilipotwaliwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu ikafuata Februari, viwanja vya ndege vya Goma na Kavumu viliacha kutoa huduma za kawaida. Mawasiliano ya kikazi kati ya Uvira na taasisi zilizozoea kupitia miji hiyo yakavurugika. Njia ya Gatumba kuelekea Bujumbura nayo hutegemea hali ya usalama ya siku husika. Hata mtaalamu akipatikana, kumfikisha Uvira na kumrudisha ni shughuli inayojitegemea.

Majirani wana taasisi zilizo karibu zaidi. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, TAEC, ina maabara Arusha, na Kenya ina mamlaka yake ya udhibiti, KNRA. Kwa ramani, Kigoma ni jirani ya Uvira kwa njia ya maji kuliko ilivyo Kinshasa. Lakini cheti cha nchi moja hakimpi mtu ruhusa ya kufanya kazi katika nyingine, na hakuna makubaliano ya kikanda yanayozungumzia nyumba za watu.

Walivyojipanga wengine

Jimbo la Iowa, Marekani, linafaa kutazamwa kwa sababu mbili. Kwanza, kaunti zake zote 99 zimewekwa na shirika la mazingira la Marekani, EPA, katika daraja la juu kabisa la hatari ya radoni, na takriban nyumba saba kati ya kumi zinakadiriwa kuvuka kiwango cha kuchukua hatua. Pili, miji kama Des Moines, Cedar Rapids na Iowa City imepokea Wakongo wengi, wakiwemo waliokaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma, na wengine waliopitia Burundi. Mara nyingi familia mpya huanzia katika nyumba za bei nafuu, na vyumba vya chini ya ardhi ni miongoni mwa hizo.

Iowa hairuhusu mtu kujitangaza tu kuwa mpimaji wa radoni. Sheria ya jimbo inamtaka awe na kibali, na anayerekebisha nyumba awe na kibali chake. Maine, jimbo jingine lenye Wakongo wengi, huwataka wapimaji na warekebishaji kujiandikisha kwa idara ya afya, na huwataka wenye nyumba za kupangisha kupima na kumjulisha mpangaji matokeo. Kanada ina mpango wa kitaifa wa kuthibitisha mafundi, unaojulikana kwa kifupi C-NRPP.

Hata hivyo Marekani yenyewe haina leseni moja ya taifa. EPA ilikuwa na mpango wake wa kuwatambua mafundi, ukafungwa mwaka 1998, na kazi ikabaki kwa mashirika mawili ya kitaaluma, NRPP na NRSB, pamoja na majimbo yaliyotunga sheria zake. Katika majimbo yasiyo na sheria, mwenye nyumba hutegemea cheti cha mashirika hayo na macho yake mwenyewe. Kwa hiyo kukosa mfumo kamili si aibu ya Kongo peke yake, ila ipo tofauti kati ya mfumo wenye mapengo na kutokuwa na mfumo wowote.

Kwa Mkongo anayeishi huko, hatua zenyewe si ngumu. Orodha ya wenye vibali hupatikana kwa idara ya afya ya jimbo, na jina la fundi lihakikiwe humo kabla ya kulipa chochote. Kipimo cha kwanza mtu anaweza kukiweka mwenyewe, kwani idara nyingi za afya huvitoa bure au kwa bei nafuu. Kiwekwe chumba cha chini kabisa kinachotumiwa na watu, mbali na dirisha, na kipimo cha siku chache kifanyike nyumba ikiwa imefungwa. Matokeo yakiwa juu, apime tena kabla ya kuingia gharama.

Marekebisho ya kawaida ni bomba la plastiki linalopitishwa chini ya sakafu hadi juu ya paa, likiwa na feni inayovuta gesi kabla haijaingia ndani. EPA imekuwa ikikadiria gharama yake kuwa zaidi kidogo ya dola 1,000 kwa nyumba ya kawaida. Kazi ikiisha, nyumba ipimwe upya, na ni vizuri kipimo hicho kifanywe na mtu mwingine asiye na faida katika jibu. Anayepima akiwa ndiye anayeuza marekebisho, ana sababu ya kukuta tatizo siku ya kwanza na kutoliona tena siku ya mwisho.

Je, Uvira ina nafasi ya hofu nyingine?

Hoja ya wanaosema radoni isubiri ni nzito. Uvira huishi na kipindupindu karibu mwaka hadi mwaka. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika, ukaua watu makumi kadhaa na kubomoa maelfu ya nyumba. Baada ya hapo ziwa lenyewe lilipanda na kumeza nyumba za pwani na sehemu za bandari ya Kalundu. Juu ya hayo kuna vita na wakimbizi wa ndani. Aliyelala mara tatu katika nyumba tatu mwaka huu haulizi kuhusu saratani ya miaka 20 ijayo.

Hata tukibaki kwenye hewa ya ndani, radoni si ya kwanza. Moshi wa kuni na wa makala, kama mkaa unavyoitwa huko, una madhara yaliyothibitishwa na yanayoonekana mapema zaidi. Jiko la makala likiachwa linawaka katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, nayo huua usiku huohuo. Mwenye fedha za kufanya jambo moja tu kwa ajili ya hewa ya nyumba yake, atoe jiko nje ya chumba cha kulala.

Ila hoja hiyo ina upungufu mmoja. Uvira inajengwa upya. Familia zilizokimbia maji zinajenga juu zaidi, karibu na mlima na mwamba, na mashirika ya misaada husaidia kuweka misingi na sakafu. Kuziba njia ya gesi wakati sakafu inamwagwa hugharimu kidogo mno kuliko kuibomoa baadaye: karatasi nzito ya nailoni chini ya zege, sementi iliyoshindiliwa vizuri kuzunguka mabomba, na matundu ya hewa pande mbili za chumba zinazoelekeana. Karatasi hiyo huzuia pia unyevu, na matundu hayo hutoa pia moshi. Mwenye nyumba hapotezi kitu hata kama baadaye itaonekana radoni ilikuwa chache.

Njia iliyo karibu

Kipima cha muda mrefu cha radoni ni kikopo kidogo kinachoenea kiganjani, chenye kipande cha plastiki maalumu ndani yake. Mionzi huacha alama kwenye plastiki hiyo, na maabara huzihesabu. Hakihitaji umeme wala intaneti, wala mtu wa kukilinda. Huwekwa juu ya kabati kwa miezi mitatu au zaidi, kisha hufungwa na kutumwa. Kwa mji wenye umeme wa kubahatisha, kifaa hicho kinafaa kuliko mashine ya bei ghali.

Kinachohitajika ni mnyororo wa watu wanaoaminika: wa kugawa vipima, wa kuandika kila nyumba kwa usahihi, wa kuvikusanya, na maabara yenye sifa ya kuvisoma. Sehemu kubwa ya mnyororo huo Uvira inayo. Mji huu uliwahi kuwa uwanja wa utafiti wa miaka kadhaa kuhusu maji ya bomba na kipindupindu, ulioshirikisha Regideso, mamlaka za afya na chuo cha London cha afya na magonjwa ya nchi za joto. Wahudumu wa afya wa jamii walishapita nyumba kwa nyumba, na watafiti wa CRH wanajua kuchukua sampuli na kuitunzia kumbukumbu. Mafunzo mafupi yangetosha kuwafanya wagawaji wa vipima, bila kungoja fundi wa kutoka ng'ambo.

Sehemu iliyokosekana ni ya serikali. Kanuni za usalama za IAEA zinazitaka nchi kukusanya taarifa za radoni majumbani, kuwaeleza raia, na, pale inapoonekana ni tatizo, kuweka kiwango cha taifa kisichozidi bekereli 300. CNPRI inaweza kuanza na vipima mia chache katika miji ya Bonde la Ufa, kuanzia Bunia hadi Kalemie, Uvira ikiwemo, na kutangaza matokeo kwa lugha wanazozielewa wenye nyumba. Matokeo yakiwa madogo, mafundi wa leseni hawatahitajika kwa wingi, na fedha zielekezwe kwenye maji na majiko. Yakiwa makubwa, nchi itakuwa na sababu ya kufundisha mafundi, kuwapa vyeti na kuweka orodha ambayo mtu wa Kavimvira anaweza kuisoma.

Hadi hapo, atakayefika mlangoni Uvira akidai ana cheti cha kupima radoni aulizwe mambo matatu: cheti kimetolewa na nani, kipima kitasomwa katika maabara gani, na kama yeye ndiye atakayeuza marekebisho. Asiyeweza kujibu yote matatu kwa maandishi asilipwe.